Mita 557 za hewa: kumbukumbu ya mzunguko wangu wa Chilterns

Namba zimekubaliana! Jana usiku, saa tano kasorobo, laptopu ilinitolea mita 1,283 za kupanda, jumla ya mzunguko wangu wa baiskeli kwenye vilima vya Chilterns, kusini mwa England. Baiskeli yenyewe, kwa kipimahewa chake, ilishaniandikia 1,270, kisha 1,301, kisha 1,288, kwa safari tatu za njia ileile. Wiki sita nimehangaika na jambo hili. Nilipiga meza kwa furaha hadi mtoto akaamka. Naandika leo kabla sijasahau nilikopita, maana najua wako wengine wanaokuna kichwa kwa hesabu hizihizi.

Njia ni ya kilomita 96, inaanza na kuishia Reading. Sonning, Henley, bonde la Hambleden, Skirmett, Fingest, Turville, kupanda Ibstone, Stokenchurch, Bledlow Ridge, kushuka Chinnor na kupanda tena, kuvuka barabara kuu ya M40, Christmas Common, kutelemka Watlington, kupanda Britwell Hill, Russell's Water, Maidensgrove, kushuka Stonor, kupanda tena hadi Nettlebed, Stoke Row, nyumbani. Anayezifahamu Chilterns ataelewa kwa nini nimeichora hivyo. Ukitoka upande wa mto Thames vilima vinakupokea polepole, bonde baada ya bonde, lakini upande wa Watlington na Chinnor ardhi inakatika ghafla kama ukingo wa meza. Mimi nataka kuushuka ukingo huo mara mbili na kuupanda mara mbili, bila kugusa barabara za malori.

Programu ya mtandaoni niliyochorea njia ilisema kupanda ni mita 1,840. Namba hiyo ndiyo iliyoniudhi, na iliniudhi kwa sababu ya mtu. Kuna mzee wetu mmoja wa Kisauni, fundi wa mabasi aliyestaafu, tunaendesha naye karibu kila Jumamosi. Goti lake la kushoto lina kikomo na anakijua: mita 1,300 kwa siku, basi. Nilipomtumia njia akanipigia. Hata shikamoo yangu hakuimaliza kuisikia. "Mwanangu, hizo elfu na mia nane si zangu. Nendeni, mimi nitawangoja Henley na chai." Kuendesha bila Mzee si kuendesha. Nami moyoni nilikuwa na hakika namba ile si ya kweli, kwa sababu miguu yangu ilikuwa imeshapita pale.

Kwanza nilikishuku kipimahewa, maana nacho kina mambo yake. Kinapima mgandamizo wa hewa, na hali ya hewa ikigeuka katikati ya safari nacho kinageuka: mgandamizo ukishuka hektopaskali 1 tu, kompyuta ya baiskeli inadhani umepanda kama mita 8, hata kama umesimama unakula ndizi. Mvua ikiziba kile kitundu chini ya kompyuta, ndiyo inapotea kabisa. Kwa hiyo nilitandika mezani ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, ile Explorer 171, nikahesabu mistari ya kontua, ile inayoonyesha kimo, kwa kalamu, kilima kimoja kimoja, jioni mbili nzima. Hesabu ya mkono ikaegemea upande wa baiskeli. Programu ilikuwa imebuni zaidi ya mita 500.

Wapi? Nikachora umbo la miinuko ya njia nikalitazama mita kwa mita. Mahali pabaya kuliko pote palikuwa mteremko wa msituni kati ya Maidensgrove na Stonor. Programu ilionyesha kuta zenye mwinuko wa asilimia 31, kupanda na kushuka, mara tano, mahali ambapo mimi huachia breki nikashuka tu. Pale Ordnance Survey hawajaweka mishale miwili, ambayo ndiyo alama yao ya mwinuko unaozidi asilimia 20. Basi hizo kuta zilikuwa nini?

Zilikuwa miti. Programu nyingi za bure zinategemea vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour Februari 2000, siku 11 za kuipiga dunia rada kutoka juu. Kazi kubwa, na bila hiyo tusingekuwa na chochote, lakini nukta moja inasimamia eneo la mita 30 kwa 30, na rada ile haipenyi vizuri matawi ya msitu mzito hadi ifike chini. Chilterns ni nchi ya miti ya beech. Pale msitu unapoanza, "ardhi" inaruka juu. Penye uwazi inadondoka. Mimi nilikuwa naambiwa nimepanda vilele vya miti.

Nikafurahi nikidhani nimemaliza. Shirika la mazingira la Uingereza, Environment Agency, limepima karibu England nzima kwa leza kutoka kwenye ndege, nukta kwa kila mita moja, na data hiyo ni bure. Kuna toleo lililoondolewa miti na nyumba, likabaki na udongo mtupu. Nikapakua vipande vyote, nikavifungua kwenye QGIS, programu ya ramani, nikaipitisha njia yangu juu yake, nikabonyeza.

Mita 2,310.

Siku ile nilifunga laptopu nikatoka nje kusafisha cheni. Data bora mara elfu, na jibu limezidi kuharibika!

Jawabu nililipata barabarani, si mezani. Nilirudi Maidensgrove Jumapili asubuhi, nikashuka nikaitembeza baiskeli kwa mguu. Njia za kale za huku zimezama. Chaki ni mwamba laini, na magurudumu, kwato na maji ya mvua ya karne nyingi yameichimba njia hadi pembeni kumebaki kingo zinazokuzidi kimo, mizizi ikining'inia. Njia yenyewe ina upana wa gari moja. Sasa, mstari wa njia kwenye ramani ya kidijitali unaweza kukosea mita tatu au nne, na kwa data ya mita 30 kosa hilo halionekani. Kwa data ya mita moja, mita tatu pembeni ni juu ya ukingo! Mstari wangu ulikuwa unapanda ukingo, unashuka njiani, unapanda ukingo wa pili, kilomita nzima. Kila hatua mita mbili, mita tatu. Jumlisha uone.

Jaribio la kwanza la kutibu: kila baada ya mita 10, nikate mstari kukingama njia, mita 8 kila upande, nichukue nukta ya chini kuliko zote. Kwenye njia iliyozama ikafanya kazi vizuri mno. Ila kwenye njia zinazopita ubavuni mwa kilima, kama ile ya kupanda Britwell Hill, nukta ya chini kuliko zote ni shambani, chini ya barabara. Nikawa naendesha baiskeli kwenye ngano.

Hapo nilikwama siku tisa. Nilijaribu wastani, nikajaribu nukta ya katikati, nikajaribu kuusogeza mstari kwa mkono hadi macho yakauma. Kisha nikajiuliza swali la fundi wa barabara badala ya swali la mtu wa kompyuta: barabara ni nini? Barabara ni sehemu tambarare. Ukiikata ardhi kukingama, penye lami pamelala, kwingine kote kumeinama. Nikaandika upya mistari ishirini ya Python, lugha ya kuandikia programu: usitafute pa chini, tafuta mita mbili na nusu zilizolala kuliko zote, zilizo karibu na mstari. Namba ikaanguka kutoka 2,310 hadi 1,377 kwa pigo moja.

Mita za ziada zilizobaki zilikuwa madaraja. Lile toleo la udongo mtupu limeondoa madaraja pia. Kule karibu na Stokenchurch, ambako miaka ya 1970 waliichonga chaki kuipitisha M40, barabara ndogo ya Christmas Common inavuka juu ya handaki hilo la wazi. Kompyuta ikaona shimo, nami nikashuka hadi kwenye magari na kupanda upande wa pili. Nikachukua orodha ya madaraja kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, nikaunganisha ncha na ncha kwa mstari ulionyooka. Mwisho nikalainisha miinuko kwa vipande vya mita 60, na vijipando visivyofika mita 2 sivihesabu, kwa kuwa hata kipimahewa hakivihesabu. 1,283.

Mtu ataniambia nimeikoroga kanuni hadi ikatoa jibu nililolitaka. Nililiogopa hilo pia. Ndiyo maana, bila kugusa chochote, niliipitishia safari yangu ya zamani ya Marlow: kanuni ikasema 642, baiskeli ilikuwa imeandika 655. Nimeridhika. Jumla ya kupanda inategemea urefu wa kijiti unachopimia, hilo halina ubishi, lakini kijiti kimoja kikitumika kila mahali, Mzee anaweza kukiamini.

Kuhusu vifaa, kwa kuwa nimeulizwa. Ramani ya karatasi, ndiyo, na sitaiacha. Simu haikuonyeshi bonde zima kwa jicho moja. Tairi ni za milimita 32, na anayekuja huku na za 25 wakati wa baridi anajitakia. Chilterns zimejaa gumegume, mawe meusi yanayovunjika kwa makali kama ya wembe, na mvua huyateremsha hadi njiani. Nimetoboka mara nne tangu Januari. Zile chupa ndogo za gesi za kujazia tairi nimeacha kubeba: moja ukiikosea kwenye valvu imekwisha, na wewe uko msituni. Pampu ya mkono haiishi.

Mpango ulikuwa wiki hii niongeze Kop Hill, juu ya Princes Risborough, kilima cha asilimia 25 ambacho magari na pikipiki vilishindania hadi mwaka 1925. Nimeuweka kando, kwa sababu ya maji. Safari ya tatu niliishiwa maji baada ya Nettlebed, na chupa tupu mkononi nikasimama Stoke Row mbele ya kile kisima chenye kuba na sanamu ya tembo wa dhahabu. Kisima hicho kilitolewa zawadi na Maharaja wa Benares, kikafunguliwa mwaka 1864. Kina chake ni futi 368, kama mita 112, na kilichimbwa kwa mikono, kwenye shimo la upana wa futi 4. Chaki hainyweshi mtu juu ya kilima. Mvua yote inazama, na zamani watu wa huku walitegemea madimbwi.

Tangu siku hiyo nachora tabaka jingine kwenye ramani: mabomba ya makaburini, baa zinazokujazia chupa bila kununa, maduka ya vijiji na saa wanazofunga. Nina alama 23 sasa. Kati ya Chinnor na Watlington kwa njia ya juu sijapata hata moja.

Mzee nimemtumia faili jipya leo asubuhi. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, mwewe wekundu wakilia nyuma yake, bila shaka alikuwa bustanini: "Elfu moja mia mbili themanini na tatu. Hiyo nyingine nilijua si ya mlima. Saa moja na nusu asubuhi, daraja la Sonning, na usichelewe." Nimeshajaza upepo tairi.