Dubu Saba Waliotupa Mgongo: Nilivyopamba Chumba cha Mwanangu

Fundi rangi alikuwa ameshapokea pesa zake na kupanda tuktuk ndipo nikaketi chini kuutazama ukuta vizuri. Nilikuwa nimemwagiza dubu, na aliyechorwa alikuwa fisi. Mgongo umeteremka nyuma, masikio yamesimama, na mdomoni meno manne ambayo hakuna aliyemwagiza. Na hakuwa peke yake, walikuwa watatu, wamefuatana kuelekea pale ambapo kitanda cha mtoto kingewekwa.

Simlaumu sana. Dubu si mnyama wa kwetu. Afrika nzima aliyekuwako ni dubu wa milima ya Atlas, huko Morocco na Algeria, naye alitoweka karne ya 19. Hata jina lenyewe tumelipokea kwa Waarabu. Nilipomwonyesha fundi picha kwenye simu alitazama kidogo, akatikisa kichwa, akaniambia, "Nimempata, mama. Huyu nimemwona mbugani Tsavo." Pale pale ningemsimamisha. Lakini nilikuwa na mimba ya miezi mitano, miguu imevimba, na nilitaka kazi iishe.

Haya mambo ya dubu yalianza na blanketi. Dadangu anaishi Maskati, na aliposikia kuwa tumeambiwa ni mtoto wa kiume akatuma kifurushi kwa mtu aliyekuwa anakuja Mombasa. Ndani mlikuwa na blanketi zito la manyoya, limechorwa dubu wadogo wa kahawia wameshika maputo. Zuri ajabu, na halitumiki. Blanketi lile ni la kulalia kwenye baridi ya Limuru, si hapa Tudor, Mombasa, mwezi wa Machi, wakati hata shuka unaliona adui. Basi nikasema, kama halitamfunika mtoto, litatupa rangi. Nikalichukua hadi duka la rangi, nikalitandika juu ya kaunta, nikamwambia muuzaji anichanganyie tatu: nyeupe ya maziwa, kahawia ya chai iliyokolea maziwa, na bluu iliyopauka. Za lita moja moja mbili, na ya maziwa lita nne.

Chumba kilikuwa stoo. Futi nane kwa tisa, dirisha moja, na ukuta wa upande wa choo unatoa chumvi. Wakaao karibu na bahari wananielewa: unaamka asubuhi unakuta unga mweupe umechipuka ukutani na rangi imetuna kama mkate wa kumimina. Maji hupanda kutoka chini ya msingi yakiwa na chumvi, yakifika juu yanakauka, chumvi inabaki. Kosa la kwanza la watu wengi, na la kwangu pia katika nyumba ya mwanzo, ni kuosha ukuta kwa maji, kwa sababu chumvi inayeyuka na kurudi ndani. Safari hii tulikwangua, tukapiga brashi kavu, tukafagia, tukaacha wiki mbili dirisha wazi, tukapiga brashi tena. Kosa la pili ni rangi ya mafuta. Inang'aa, inapanguswa, kila fundi anaisifu, lakini inauziba ukuta na unyevu ukikosa njia unaisukuma. Tulitumia rangi ya maji peke yake. Haina harufu kali, na ukuta unapumua. Nilikuwa nalala kwa mamangu siku zote za kupaka, na tuliwahi kumaliza kabla mvua za masika hazijaanza.

Chini, futi mbili kutoka sakafuni upande ule wa choo, sikuchora kitu. Najua chumvi itarudi.

Sasa fisi. Siku ya pili mavyaa wangu alikuja kutuona. Alisimama mlangoni, buibui bado hajalivua, akatazama ukuta.

"Hawa ni akina nani?"

"Dubu, mama."

Akanyamaza kwa adabu. Kisha akasema jambo ambalo nililitarajia tangu siku ya blanketi: nyumba yenye picha za viumbe malaika haingii, na zaidi ya hapo, "mwanangu, mtoto mchanga atalalaje na macho yote haya yanamtazama?" Mume wangu akakumbuka ghafla kuwa ana simu ya kupiga, akatoka.

Mimi si mwanachuoni, na najua mashekhe wana maneno mengi katika jambo hili. Nilichojua ni kuwa mama huyu atakuwa anaingia chumba kile kila siku, na sikutaka kila akiingia aingie na dukuduku. Akaniuliza huyo mnyama ametoka wapi hata watoto wa dunia nzima wakampenda. Nikamweleza kisa cha Theodore Roosevelt, rais wa Marekani. Mwaka 1902 alikwenda kuwinda Mississippi, wenyeji wakamkamatia dubu, wakamfunga kwenye mti ili ampige risasi. Akakataa, akasema si uungwana, ila akaamuru wamuue wammalizie mateso kwani alishaumia. Mchoraji wa gazeti akachora katuni, na mwenye duka mmoja wa Brooklyn, Morris Michtom, akatengeneza mdoli wa dubu akaupa jina la utani la rais, Teddy. Karibu wakati huo huo kampuni ya midoli ya Steiff kule Ujerumani nayo ikatoa wake. Na mtu huyo huyo, nikamwambia, aliteremka hapa hapa Mombasa Aprili 1909, akapanda reli kwenda bara, na yeye na mwanawe wakaua wanyama 512.

Mavyaa akafikiri. "Kwa hivyo dubu mmoja aliyefungwa alimwonea haya, simba wetu wote hakuwaonea."

Kisha akiwa anavaa viatu akasema, nusu mzaha, "Kama lazima wawepo, basi angalau wageuze watupe mgongo."

Alidhani ananitania. Mimi nilibaki nimesimama pale pale na kalamu ya risasi mkononi.

Dubu akikupa mgongo hana macho, hana pua, hana meno, na hana namna ya kuwa fisi. Ni mviringo mkubwa, mviringo mdogo juu yake, masikio mawili na kimkia. Nikapiga rangi ya maziwa mara mbili juu ya kazi ya fundi, nikangoja ikauke, nikaingia jikoni. Sahani ya wali ikawa mwili. Kisahani cha chai kikawa kichwa, nimekiweka kiguse sahani na kuingia ndani yake kidogo, maana dubu hana shingo, na hapo ndipo fundi alipopotea. Masikio nilizungusha kikombe cha kahawa, nusu yake imefichwa na kichwa. Mkia ni kizibo cha soda. Miguu nilichora kwa mkono, vijiduara viwili vimetokeza chini. Wa kwanza alinichukua saa nzima, wa saba dakika kumi.

Kupaka nilipaka mwenyewe, nimekaa juu ya kigoda. Ukingo wa duara ndio mgumu. Brashi ya fundi ni pana, inavuruga, kwa hiyo nilitumia brashi ya wanja niliyokuwa nayo kuzunguka ukingo, kisha sponji ya kuoshea vyombo kujaza katikati. Sponji, usiichovye sana: ichovye, ikamue, gonga gonga ukutani. Inaacha vitundu vitundu, na ukisimama mbali unaona manyoya. Hilo sikulipanga, lilitokea tu, na ndilo jambo watu wanaloniuliza zaidi. Mikia nikaipaka ile bluu. Dubu saba wanatembea kwenda dirishani, kila mmoja ametupa mgongo, futi mbili na nusu kutoka chini. Jua la alasiri likiingia bado unaona mguu wa nyuma wa fisi mmoja chini ya rangi, kama umejua pa kutazama.

Kitanda nilikitengenezesha kwa seremala wa jua kali, mbao za saipresi, shilingi 9,000 bila godoro. Kilipofika kilikuwa kizuri kama cha dukani, na seremala alikuwa amechonga kichwa cha dubu kwenye ubao wa kichwani, bila kuambiwa, kwa ajili ya kunifurahisha. (Huyu alimpata. Yeye hakudai kumwona Tsavo.) Lakini shemeji yangu alinifundisha jambo: chukua kopo la soda ulipitishe kati ya fito. Likipita, fito zimeachana mno. Mtoto mdogo mwili wake unaweza kuteleza ukatoka na kichwa kikabaki ndani. Nafasi isizidi sentimita sita. Kopo langu lilipita bila hata kugusa. Kitanda kikarudi kwa seremala, akaongeza fito nane, na akataka shilingi mia nane zaidi. Tukabishana, nikampa mia tano na chai.

Midoli yenyewe niliitafuta soko la Kongowea, kwenye mitumba. Kuna mama mmoja anafungua beli za vitu vya watoto, na ukienda mapema unachagua kabla wenye maduka hawajafika. Nilipata dubu watano kwa shilingi 300. Mmoja ana lebo ya Kijerumani sikioni, nikadhani ni wa Steiff, nikajiona tajiri. Nyumbani nikawaangalia mmoja mmoja. Nikivuta jicho la plastiki la yule wa kwanza, likachomoka kama kunde kwenye ganda. Mtoto akilitia mdomoni ni hatari ya kukabwa. Basi nikachukua mkasi, nikatoa macho yote, pua za plastiki na tepe zote za shingoni. Nikawafua kwa maji ya moto na sabuni, kila mmoja ndani ya foronya iliyofungwa mdomo, nikawaanika. Jua la siku moja halitoshi, kwa sababu nje wanakauka upesi na pamba ya ndani bado mbichi. Yule wa Ujerumani nilimwahisha kumtoa kambani, na baada ya wiki akaanza kunuka ukungu. Nikamtupa. Roho iliniuma.

Wale wanne walikuwa bado kambani, hawana macho, wananing'inia kwa masikio, mavyaa alipoingia uani. Watoto wa jirani walikuwa wamekataa kupita.

"Subhanallah," akasema. "Hata mimi sikukwambia uwatoboe macho."

Nikamweleza habari ya plastiki. Nikatarajia aseme kumbe ni heri wabaki hivyo. Badala yake akaketi kwenye mkeka, akaomba sindano na uzi mweusi. Cha kuchezea mtoto ni kingine, akasema, na cha kutundika ukutani ni kingine. Bi Aisha alikuwa na wanasesere wake na Mtume hakumkataza. Mavyaa wangu alishona kofia za viua kwa miaka mingi, ndizo zilizomsomesha mume wangu, na vidole vile havijasahau. Akazungusha uzi mwanzo wa jicho la kwanza, kitundu katikati, kisha mshono umekazwa pande zote kama kwenye kofia. Macho manane, alasiri moja. Ukiyavuta, unavuta dubu mzima. Pua akazishona za bluu kwa sababu uzi mweusi uliisha.

Sasa jambo la kitanda kuwa kitupu, ambalo nilidhani litaniudhi. Muuguzi wa kliniki alituambia mwaka wa kwanza mtoto alale chali, juu ya godoro gumu kidogo, shuka imekazwa, basi. Mto usiwepo, wala midoli, wala vile vitambaa vya pamba vya kuzungushia fito, maana vinaweza kumziba pumzi. Picha zote nilizokuwa nimeziweka kwenye simu zilikuwa za vitanda vimejaa dubu hadi mtoto haonekani. Nikaziacha. Dubu wetu wanne wanakaa kwenye rafu juu ya kiti cha kunyonyeshea, rafu imefungwa kwa skrubu nne, na blanketi la Maskati limekunjwa kwenye mgongo wa kiti. Kitandani pana shuka na chandarua ya duara inayoning'inia darini, nimeikunjia pembezoni chini ya godoro isilegee. Chandarua jeupe likishuka, chumba kinatosha.

Mtoto alizaliwa Julai, arobaini tukaimalizia kwa mamangu, na tuliporudi mavyaa alikuwa ametangulia. Amefukiza udi, na kwenye mguu wa kitanda amefunga kitambaa chenye mvuje, ule utomvu wa harufu kali wa kumkinga mtoto. Harufu ya mvuje na rangi mpya kwa pamoja sijui niieleze vipi. Kitambaa nilikihamishia nyuma ya mlango, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, naye akaona na hakusema kitu.

Miezi mitatu ya kwanza mwanangu alitazama pangaboi tu. Dubu hawakuwapo kwake. Sasa ana miezi kumi, anasimama kwa kushika ukuta, na amegundua kwamba mikia ya bluu inachubuka kwa ukucha. Mkia wa dubu wa tatu umeshakwisha, wa nne nusu. Rangi iliyobaki iko kwenye kopo la maziwa chini ya sinki, nimeifunga kwa nailoni mbili isikauke, na kizibo cha soda nimekitia humo humo.