Mikono ya mpaa samaki: mafuta niliyojipikia

Kupaa sangara Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kunakula mikono. Barafu, chumvi, miba, jioni sabuni ya unga. Vidole vilinipasuka hadi kukamua ndimu ikawa adhabu. Losheni nyepesi za dukani zilikuwa zinakauka kabla sijafika kituo cha daladala.

Nikapika yangu. Nta ya nyuki iliyokwanguliwa, kijiko kimoja cha chakula. Mafuta ya alizeti vijiko vitatu. Siagi ya shea (mafuta mazito ya mbegu za mti wa shea) viwili. Bakuli likae juu ya sufuria ya maji ya moto, si kwenye jiko lenyewe. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 60 na kitu, shea kwenye joto dogo zaidi, hivyo shea naitia mwisho, nikishaepua, kisha napoza haraka isifanye chengachenga. Dondosha tone kwenye sahani baridi: likiwa gumu kama mshumaa, ongeza alizeti.

Ila kazi kubwa iko kwenye kupaka. Mafuta hayaleti maji, yanayazuia yasitoke. Basi nanawa kwa maji vuguvugu, najifuta nusunusu, napaka mikono ingali na unyevu, navaa soksi kuukuu za pamba mpaka asubuhi. (Mume wangu alicheka sana.) Ufa wa kidole gumba ndio uliochelewa kufunga. Mchana navaa glavu za mpira. Ufa wenye usaha usiupake, nenda zahanati.