Kumbukumbu ya mradi wangu: kuimba huku nikipiga fidla

Hatimaye nimeweza kuimba ubeti mzima huku upinde ukikata mdundo, pasipo sauti yangu kukatika. Kipimo changu katika mradi huu ni Sara Watkins, mwimbaji na mpiga fidla wa California aliyekulia katika blugrasi, muziki wa kiasili wa Marekani wa ala za nyuzi, akiwa na kaka yake Sean na Chris Thile katika kundi la Nickel Creek, na ambaye albamu yake ya kwanza ya peke yake, ya mwaka 2009, ilitayarishwa na John Paul Jones, mpiga besi wa bendi ya roki ya Led Zeppelin.

Kikwazo kilikuwa mpigo wa kukata, ule alioubuni mpiga fidla Richard Greene miaka ya 1960 alipokuwa katika bendi ya Bill Monroe, mwasisi wa blugrasi. Blugrasi ya jadi haina ngoma, hivyo mdundo hukazwa na mandolini, ala ndogo ya nyuzi, katika pigo la pili na la nne la kila mapigo manne; fidla huifanya kazi hiyo kwa kuangusha singa za upinde, karibu kabisa na mkono, juu ya nyuzi na kuziacha hapohapo, ukasikika mkwaruzo mkavu usio na noti. Mikono peke yake huuzoea upesi. Taabu huanza mdomo unapofunguka, kwa kuwa taya limeibana fidla, kila pigo hulitikisa, na pumzi husita upinde unapoanguka, hata irabu ndefu zikatoka vipande vipande. Nilipunguza mwendo, nikabadilisha kiegemeo cha bega, na bado hayo yote hayakufua dafu. Kilichofaulu ni kuiteremsha fidla chini ya mtulinga na kuiachia mkono wa kushoto uibebe. Kupanda noti za juu kwa mkao huo ni kugumu mno, lakini kukata hakuhitaji kupanda.

Kuhusu vifaa, siipendi pikapu, yaani kinasa mtetemo, ya kubandika kwenye kidaraja kinachoinua nyuzi, kwani huufanya mkwaruzo huo ulie kama bati linalokwanguliwa. Maikrofoni ndogo ni bora zaidi, ingawa hunasa pia sauti ya mwimbaji.

Nilikusudia sasa kuongeza gitaa la umeme, lakini mpango huo nimeuweka kando. Nikilinganisha nyuzi jana, niliziacha G na D, zile mbili nene zaidi, zivume pamoja mfululizo, nikaimba kiitikio polepole juu yake, na nikausikia uzito wa roki niliokuwa nikiutafuta kwenye gitaa. Kazi inayofuata ni kuupitisha mvumo huo kwenye pedali, kile kifaa cha mguu cha kubadilisha sauti, beti zikibaki na mkato wake na kiitikio kikifunguka kwa upinde mzima.