Mashine ya baba

Baba amepata mashine mpya ya kupumulia usiku. Ile ya zamani iko juu ya kabati hapa nyumbani Nkuhungu, na bado inawaka.

Kwa asiyeifahamu: kuna watu ambao njia ya hewa hujiziba wakiwa wamelala. Pumzi inakatika, wanashtuka, inakatika tena, usiku kucha. Mashine husukuma hewa kupitia barakoa ili koo libaki wazi. Siyo ya oksijeni.

Jirani aliiomba kwa ajili ya mumewe anayekoroma sana. Iliniuma kumkatalia, lakini nguvu ya hewa hupangwa kulingana na mgonjwa, na si kila anayekoroma ana ugonjwa huu. Nimemsihi ampeleke shemeji akapimwe kwanza.

Jana niliifungua. Kichujio kilichokuwa cheupe kimegeuka rangi ya vumbi letu la Dodoma, bomba limekakamaa, mpira wa barakoa umechanika pembeni. Vitu hivyo vitatu natupa, simpi mtu. Tena mwaka 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine za aina hii kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa inabomoka, kwa hiyo aina na namba ya mashine lazima vikaguliwe.

Nimeamua ipite kwanza kwa fundi wa vifaa tiba. Akiridhika nayo, naitoa bure kwa mgonjwa aliyekwisha pimwa na kuandikiwa na daktari. Baba ameafiki, ila kadi yenye kumbukumbu za usingizi wake anabaki nayo.

Mnaomfahamu mgonjwa wa hivyo huku Kanda ya Kati, naombeni mniandikie.