Nilivyoachana na sindano ya miezi mitatu

Nilianza sindano ya uzazi wa mpango mtoto wangu wa kwanza akiwa bado ananyonya, nikakaa nayo miaka kadhaa. Sina ugomvi nayo. Haikukausha maziwa, na hakuna kidonge cha kukumbuka kila usiku. Nesi alikuwa ananichoma bega la kushoto na kunionya nisilisugue, maana dawa inatakiwa itulie kwenye msuli na kujiachia polepole. Ila ina maudhi yake.

Mwanzoni ni matone. Leo yapo, kesho hamna, keshokutwa yamerudi, na wewe hutoki bila pedi kwenye mkoba. Kuna wakati damu ilikuja ikagoma kukata, nikaenda kliniki kabla ya tarehe yangu. Walinipima mimba kwanza, wakaniuliza kuhusu maumivu ya chini ya kitovu na uchafu wenye harufu, ndipo wakanipa ibuprofeni ya siku chache. Ikakata.

Baadaye siku zangu zikapotea kabisa. Mtaani ukisema hivyo utaambiwa damu inakugandia tumboni, itageuka uvimbe. Nesi alichukua kadi yangu, akachora kizazi nyuma yake kwa kalamu ya bluu. "Mama Junior, huu ukuta wa ndani ndio unaoota kila mwezi, ukibomoka ndiyo hedhi. Sindano inauacha mwembamba. Sasa kitoke nini?" Mchoro ule nilimwonyesha hadi mume wangu.

Uzito nao ulipanda, magauni yakabana. Nilikata soda na chapati za usiku. Ukasimama, kushuka haukushuka.

Kilichonifanya niulize zaidi ni mifupa. Daktari alinieleza kwamba sindano inashusha estrojeni, homoni ya kike, na mifupa inapoteza madini kidogo kadiri unavyoendelea, ingawa ukiacha hurudi kwa sehemu kubwa. Marekani waliweka onyo kali kwenye dawa hiyo mwaka 2004: isizidi miaka miwili, isipokuwa kama njia nyingine hazikufai. Shirika la Afya Duniani kwa upande wake halijaweka kikomo kwa mwanamke wa miaka 18 hadi 45. Hofu yangu ilipungua, lakini nilikuwa nataka mtoto wa pili pia, kwa hiyo nikaacha.

Kusubiri ndiko kulikonichosha. Kwa wastani mimba huingia kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na wengine huvuka mwaka. Nilikuwa nimeambiwa hivyo kabla, nashukuru, maana wifi yangu alishafika na chupa ya mizizi. "Wifi, kizazi kimeziba hicho, kinataka kusafishwa." Nikampokea vizuri, nikampikia, chupa ikabaki juu ya kabati. Hakuna cha kusafisha: dawa iko msulini, inaisha kwa muda wake tu, na mizizi isiyojulikana kipimo inaweza kukuharibia ini au figo bure.

Nilichofanya ni kutundika kalenda ya ukutani jikoni na kuandika kila nilichokiona. Kwanza ulirudi ute wa ukeni unaovutika, ule wa siku za kushika mimba, halafu matone, halafu hedhi ya kweli yenye tumbo la kukata. Sijawahi kufurahia maumivu ya hedhi kama siku ile. Tuliendelea kuwa pamoja bila kuhesabu sana. Nesi alikuwa amesema mwaka ukipita kimya nirudi, na mume wangu naye aje tupimwe wote wawili, si mimi peke yangu. Haikufika huko.

Baada ya kujifungua nilichagua kitanzi cha shaba, hakina homoni. Hedhi yake ni nzito na siku ya kwanza lazima nimeze dawa ya maumivu, lakini kinaweza kukaa miaka 10 na zaidi, na siku nikikitoa sina dawa ya kusubiri iishe mwilini.