Kufunga waya za meno miezi nane kabla ya sendofu

Binamu yangu kanipigia juzi usiku, sendofu yake ni mwezi wa sita mwakani na anataka akafunge waya wiki hii hii ili siku hiyo awe ameshatoa. "Dada, we ulivaa, inachukua muda gani?" Nikamwambia ntakuandikia vizuri, maana hili swali naulizwa sana, kazini, kanisani, hata mama anayeuza mihogo karibu na kituo pale Kimara alishaniuliza kwa ajili ya mtoto wake.

Kwa watu wengi ni mwaka na nusu mpaka miaka miwili, wengine inafika mitatu. Meno yakiwa yamepindapinda kidogo tu unaweza kumaliza ndani ya mwaka. Mi niliambiwa miezi 18, nikatoa mwezi wa 27.

Jino limeshikwa na mfupa jamani, sio fizi peke yake. Waya ukilivuta, mfupa wa upande linakoelekea unaliwa taratibu na nyuma yake unajengwa mwingine mpya, na hiyo kazi mwili unaifanya kwa spidi yake, kama milimita moja kwa mwezi. Mi meno yalikuwa yamepandana mpaka ikabidi ning'olewe manne, mawili juu mawili chini, sasa pengo la jino moja linaweza kufika milimita 7, piga hesabu mwenyewe. Nilishawahi kumuomba daktari akaze zaidi niwahi kumaliza, akanieleza kwamba ukilazimisha, mizizi ya meno inaweza kufupika. Sikurudia tena.

Kinachowachanganya wengi ni ile miezi ya mwanzo. Unaanza na waya mwembamba laini, na ndani ya miezi mitano sita meno ya mbele yanakuwa yamenyooka, unacheka kwenye picha bila kuziba mdomo, unajiona umemaliza. Kumbe bado mapengo hayajafungwa, na meno ya juu na ya chini hayakutani vizuri ukiuma, na hapo ndo muda mrefu unapotumika. Kwangu ilikuwa ni rababendi. Zile unavalisha mwenyewe toka jino la juu kwenda la chini, unatakiwa ukae nazo karibu siku nzima, unatoa ukila na ukipiga mswaki basi, mi nikawa navaa usiku tu kwa sababu mchana naongea na wateja na naona aibu. Miezi minne ikapita meno yako palepale. Nililia nikiwa kwenye kile kiti, kweli, kwa sababu hela nilikuwa nalipa kila nikienda na kosa lilikuwa langu.

Halafu kuna kungoka kwa vile vyuma vidogo vinavyogandishwa kwenye jino. Mimi ni mahindi ya kuchoma mara mbili, kashata mara moja. Kikingoka lile jino linaacha kuvutwa mpaka ukarudishiwe, na ukiwa na miadi kila baada ya wiki nne mpaka sita, ukaikosa moja kwa sababu ya mvua na foleni, mwezi mzima umeenda hivohivo. Mahindi yachambue, muwa achana nao kabisa, barafu, ubuyu wenye kokwa, vyote hivyo viache.

Na siku ya kutoa bado hujamaliza, kuna riteina, kile kifaa cha kuvaa ili meno yakae yalipofika. Mi niliambiwa nivae muda wote miezi sita ya kwanza, baada ya hapo usiku, na usiku huo hauna mwisho, maana meno yanapenda kurudi yalikotoka. Nilienda msibani Tanga wiki mbili nikaiacha Dar, narudi naivaa inabana mpaka kichwa kinauma.

Kwahiyo mdogo wangu nikamwambia ukweli, miezi nane haitoshi kwa meno yako, yale ya juu yametangulia mbele sana. Ila sendofu na waya mdomoni vinaenda pamoja vizuri tu, mbona, na kufikia mwezi wa sita yale ya mbele yatakuwa yashaanza kukaa sawa. Akanyamaza kidogo kwenye simu. Jumamosi tunaenda wote akapigwe eksirei, na ameshauliza kama vile vimpira vya rangi wanavyobadilisha kila miadi vinapatikana vya zambarau, kwa sababu ndo rangi ya gauni.