Geta zangu za nguzo ya nyumba iliyobomolewa, na zile za kwanza zilizonitia aibu

Geta ni viatu vya mbao vya Kijapani, na kila nikitoka na zangu naulizwa "umenunua wapi". Sijanunua bwana, nimechonga mwenyewe, na useremala sijui, kazi yangu ya mwisho ya mbao ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi darasa la sita na haikukuna hata nazi moja.

Nipo Beppu, mkoa wa Oita huku Japani. Mji wa maji ya moto huu, mvuke unatoka mpaka kwenye mitaro, na jioni watu wanaenda kuoga kwenye mabafu ya mtaani wamevaa yukata, lile vazi lao jepesi la pamba, na geta, ka-ko, ka-ko, njia nzima. Mara ya kwanza kuisikia nilisimama, maana nilisikia mitalawanda ya bibi yangu Unguja, ile ya kwendea msalani, yenye msuruaki wa kubana kwa vidole. Tofauti ni kwamba geta haina msuruaki, ina kamba ya kugawanya vidole kama ndala, wanaiita hanao, na chini ina meno mawili yamekatisha.

Sasa nyuma ya nilipopanga wakabomoa nyumba ya mbao, zipo nyingi sana za hivyo, wazee wamefariki na watoto wako Tokyo hawazitaki. Nikaomba, nikapewa nguzo mbili za sugi na rafu moja pana. Sugi ndiyo mbao yao ya kujengea, nje ilikuwa nyeusi kama sufuria la shughuli lakini ukikata ndani bado nyekundu nyekundu na inanukia.

Video zote nilizoangalia zilinikatisha tamaa, eti lazima upate mti wa kiri, bila kiri usijisumbue. Ni kweli kiri ni mwepesi sana na ndio unaosifiwa, lakini mji wa Hita uko mkoa huu huu na geta zake za sugi zinajulikana nchi nzima. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema lazima, muulize anauza nini.

Haya, jozi ya kwanza. Nilitaka kubana mbao, nikachukua ile rafu nikachora geta zimelala kukatisha upana wa ubao, nikaona kwenye kipande kidogo tu zinatoka nne, nikajiona mjanja kuliko mafundi wote wa Japani. Maana yake nyuzi za mbao zilipita kulia kwenda kushoto badala ya kufuata urefu wa mguu, lakini hilo nilikuwa silijui. Meno nikayabandika kwa gundi na skrubu, nikapiga msasa hadi zikang'aa, picha nikaweka status, shangazi yangu akajibu mashaallah tatu. Jioni nikashika beseni langu nikaenda kuoga. Sikufika. Hatua kama arobaini hivi, pale kwenye mfuniko wa mtaro, nikasikia tak! Ubao umekatika usawa wa tundu la mbele kama biskuti iliyochovywa kwenye chai, kipande cha mbele kinaning'inia vidoleni, mimi nimepiga magoti, sabuni inateremka kilima peke yake. Bibi mmoja alinikimbilia, alipoona geta akashika mdomo. Huku kamba ya geta ikikatika tu watu wanaona ni nuksi, mimi kamba ilikuwa nzima, ubao ndio umekwenda!

Mzee jirani yangu, mimi namwita babu tu, hakunisema. Alichukua kile kipande akakivunja tena kwa mikono, pap, kisha akageuza upande wa pili akajaribu, akakaza mpaka shingo ikamtoka mishipa, hakikuvunjika. Akanirudishia akaendelea kumwagilia maua yake.

Nikaelewa, nyuzi lazima zifuate urefu wa mguu, nikahamia kwenye nguzo. Nguzo zao nyingi ni sentimita 10.5 kwa 10.5, na hapo ndipo kuna siri niliyoigundua mwenyewe na naringa nayo: upana wa geta tayari unao! Kata pande la sentimita 25, lipasue katikati kwa urefu, umepata geta mbili, kila moja unene wa sentimita tano hivi, meno unayachonga humo humo. Nafasi ya kati ya meno usiitoboe kwa patasi moja kwa moja kama nilivyoshauriwa na jamaa mmoja, ushauri wake ulinipotezea pande zima. Kata mistari ya msumeno mingi karibu karibu, kama unakata mkate wa boflo, halafu gonga kidogo kwa patasi, vipande vinadondoka vyenyewe. Meno yaache manene, mimi sentimita tatu.

Misumari! Nguzo ya zamani ina misumari iliyokatikia ndani huioni, nimeua nyembe mbili za msumeno, ndio gharama kubwa ya kazi nzima, yen elfu tatu na kitu hivi, labda nne, na bado watu wanasema mbao za bure. Nilichofanya baadaye nikavunja spika mbovu nikatoa sumaku, nikaifunga uzi nikawa naiburuza juu ya mbao taratibu kama mtu anavua pweza. Ikivuta tu, weka alama.

Matundu ni matatu. La mbele liko katikati kabisa, siyo upande wa dole gumba kama ndala, geta haina kulia wala kushoto na ni vizuri ubadilishe badilishe ziishe sawa. Mawili ya nyuma yanakaa mbele tu ya jino la nyuma. Na kisigino kinatoka nje kidogo, ndivyo zinavyovaliwa, msinicheke kwenye picha kwamba nimevaa za mdogo wangu.

Juu nikaunguza kwa moto wa gesi halafu brashi ya waya, Hita wanafanya hivyo, sehemu laini inaungua inatoka na mistari migumu inabaki imeinuka, mguu hautelezi. Moja niliiunguza ikazidi, inaonekana imetoka kwenye jiko la mkaa. Hanao nimeshona kwa kanga kuukuu, ndani nikatia kamba ya katani, jina la kanga likakatwa katikati, mguu mmoja umeandikwa "mdomo" mwingine "jirani". Siku tatu za mwanzo zilinichubua katikati ya vidole, nilikuwa navisukuma mpaka ndani, kumbe unashika kwa ncha za vidole tu.

Jozi hii ina mwezi sasa. Kasoro moja, jino la geta moja ni fupi kwa milimita kama tatu, kwa hiyo nikitembea hazilii sawa. Nilitaka kuisawazisha, babu akanizuia. Wajapani sauti ya geta wanaiita karan koron, akanionyesha mguu mmoja akasema hii karan, mwingine hii koron, akaingia ndani anacheka.